Mti Usioonekana Bomani: Mkaratusi na Urejeshaji wa Miti Asilia Kisii na Nyamira

Utangulizi

Msafiri anayetoka Keroka kuelekea mjini Kisii hawezi kulalamika kwamba nchi hii haina miti. Vilima vimefunikwa, mabonde yamefunikwa, na hata vipande vya ardhi vilivyobanwa baina ya chai na migomba vina miti iliyosimama wima kama askari gwarideni. Akitazama kwa makini, hata hivyo, atagundua kwamba anachokiona ni mti mmoja uliorudiwarudiwa: mkaratusi. Miti iliyokuwapo kabla yake imetoweka, na pengo lake halionekani kwa urahisi kwa sababu limezibwa na kijani kingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea katika kaunti za Kisii na Nyamira, kwa nini imezua mgogoro, na namna miti iliyokosekana inavyoweza kurejeshwa katika boma la mkulima mdogo. Aidha, yatagusia suala la majina ya miti hiyo, ambalo wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili wana haki ya kulidai kuwa lao.

Mkaratusi ulivyoingia

Asili ya mkaratusi ni Australia. Uliingizwa Kenya mwaka 1902 kwa lengo la kupata kuni za kuendeshea garimoshi la reli ya Uganda, kwa kuwa hukua upesi kuliko miti mingi ya kienyeji. Kutoka reli ulienea mashambani. Katika nyanda za juu za Gusii ulikuta mazingira yanayoufaa: mvua nyingi, udongo wenye rutuba na watu wenye haja kubwa ya mbao na kuni.

Haja hiyo ina historia yake. Kahawa ilianza kulimwa na Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930. Chai na pareto zikafuata. Kila zao jipya lilipokonya kichaka au malisho. Idadi ya watu nayo iliongezeka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Baba hugawia wanawe shamba, nao huwagawia wao, hata kipande cha mwisho kikawa hakizidi upana wa nyumba na mistari michache ya mahindi. Katika ardhi ya namna hiyo, mti unaokomaa baada ya miaka 40 huonekana kuwa anasa.

Mkaratusi hauna masharti. Baada ya miaka michache hutoa fito za kujengea. Ukiachwa zaidi hutoa nguzo za umeme na mbao. Viwanda vya chai kama Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo upande wa Nyamira, au Kiamokama na Nyamache upande wa Kisii, huhitaji kuni kwa ajili ya kukausha majani. Wachoma matofali nao huzihitaji. Mtu anayefanya kazi Nairobi au Mombasa hupanda mikaratusi katika shamba lake akaenda zake, kwa kuwa haidai palizi wala haililiwi na mbuzi. Mzazi anayedaiwa karo huuza miti kumi iliyosimama, na mtoto akarudi shuleni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kama mkaratusi usingekuwapo, kuni hizo zote zingetafutwa katika misitu michache ya asili iliyosalia.

Mgogoro wa maji

Lawama zinazouandama mti huu zinahusu hasa mahali unapopandwa. Mkaratusi unaokua kwa kasi hunywa maji kwa kasi, na mizizi yake huenda mbali kuyatafuta. Juu ya kilima kikavu, tabia hiyo haimdhuru mtu sana. Ukipandwa kwenye chemchemi au katika ardhi oevu kama ya Sironga kule Nyamira, hali hubadilika. Watu wa zamani waliyaacha mabonde haya kuwa malisho na mahali pa kuteka maji. Vizazi vilivyobanwa na uhaba wa ardhi vimechimba mitaro, vikayakausha na kuyapanda miti. Mto Gucha, ambao baadhi ya watu huuita Kuja, huanzia katika milima ya Nyamira na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, kwa hiyo kinachofanywa kwenye vijito vya juu huwafikia hata watu wa Migori.

Anayelipa gharama ya kwanza ni mtekaji maji, yaani mwanamke au mtoto, ambaye kijito kikipungua hulazimika kwenda mbali zaidi. Wa pili ni jirani. Kivuli na mizizi havijui mpaka uliowekwa na mpimaji. Mahindi yaliyo karibu na safu ya mikaratusi ya mtu mwingine hudumaa, na kesi hupelekwa kwa chifu.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na ujenzi katika ukanda wa kingo za mto usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, na mwaka huohuo Idara ya Huduma za Misitu ya Kenya ikatoa mwongozo unaotaka mti huu usipandwe katika ardhi oevu na kingo za mito. Lakini amri ya kung'oa si sawa na mpango wa kupanda. Mkulima aliyeambiwa akate akiba yake ya karo bila kuambiwa atapata nini badala yake atakata mbele ya afisa, na msimu unaofuata visiki vitachipua. Kuna tatizo jingine la kimaandishi. Ibara ya 69 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ifikie angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti. Kwa hesabu hiyo mti ni mti tu, na kilima kizima cha mikaratusi hupasi mtihani.

Majina yaliyopotea

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapoingia. Neno mkaratusi ni la mkopo, nalo limepokewa vyema katika ngeli ya M-MI: mkaratusi umekatwa, mikaratusi imekatwa. Kiekegusii kina ngeli inayolingana na hiyo, omote kwa mti mmoja na emete kwa mingi. Kwa hiyo kisarufi mgeni huyu hakupata taabu ya kukaribishwa. Taabu imewapata wenyeji. Kijana wa mjini Kisii ataweza kuutaja mkaratusi kwa lugha tatu, lakini akioneshwa omotembe huenda akasema tu kwamba ni "mti wenye maua mekundu".

Omotembe, ambao vitabu vya mimea huutaja kwa Kiswahili kuwa mwamba-ngoma, huchanua maua kabla ya kutoa majani. Baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, wakiwemo Waluhya wanaouita murembe, ziliuhusisha na kiapo. Omoiri wa Wagusii ndio muiri wa Wakikuyu, na mfanano huo wa majina unatosha kuwa somo la isimu linganishi katika lugha za Kibantu. Magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, na biashara hiyo iliudhuru mti wenyewe kiasi kwamba tangu mwaka 1995 uuzaji wake baina ya mataifa umekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa. Upo pia mti ambao majirani Waluo huuita siala na Waluhya lusiola. Mbao zake ngumu hujenga nyumba, na maua yake ya manjano hupamba boma bila gharama.

Hata methali zetu zinawategemea wenyeji hawa. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Lakini mkaratusi wa nguzo hukatwa kabla ya kuwa mkuu, na ndege hawaupendi sana kuweka viota. Msomaji mdogo wa methali hiyo katika shule ya Nyamira atalazimika kuwazia mti ambao hajawahi kuuona.

Namna ya kurejesha

Kosa la kwanza la kuepukwa ni kukata yote kwa mkupuo. Miteremko ya Gusii ni mikali na mvua ya Machi hadi Mei ni kubwa; ardhi iliyoachwa uchi huporomoka. Inafaa kuanza na safu iliyo karibu na maji, kisha kupanda kwanza, kukata baadaye, safu kwa safu. Ile mikaratusi ya juu kilimani, mbali na chemchemi na mpaka wa jirani, inaweza kubaki ili kipato kisikatike.

Kisiki ndicho kazi kubwa. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena, na hiyo ndiyo sifa inayomfurahisha mfanyabiashara wa nguzo. Anayetaka kuuondoa hana budi kukichimbua kisiki au kukibambua magome hadi chini ya usawa wa udongo, na kuyavunja machipukizi kila yanapotokeza. Udongo uliokaliwa na mikaratusi kwa muda mrefu huwa umechoka. Mimea ya jamii ya kunde, kwa mfano kaliandra, huurudishia nguvu, na majani yake ni lishe ya ng'ombe wa zizini. Mkulima hupata maziwa huku akingoja miti iliyo ya polepole.

Kando ya kijito pafaa mkuyu, mzambarau wa mwituni na mwanzi. Mwanzi hushika kingo, na huvunwa bila kuacha pengo kwa sababu machipukizi mapya hutokeza kila mwaka. Katika ua wa nyumba pafaa siala na mparachichi. Matunda ya mparachichi yana soko, kwa hiyo yanaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya nguzo katika hesabu ya karo. Kwenye uzio, badala ya mchongoma mtupu, omotembe hupandwa kwa fito: tawi nene hukatwa, hukitwa ardhini mwanzoni mwa mvua, nalo hushika mizizi. Hakuna kitalu wala mche wa kununua. Mkuyu nao huweza kupandwa hivyo hivyo.

Omoiri una masharti zaidi. Mbegu zake hupoteza uhai upesi zikikaushwa na kuwekwa, kwa hiyo hukusanywa matunda yakiwa yameiva, huondolewa nyama yake na kuatikwa kitaluni ndani ya siku chache, chini ya kivuli chepesi. Kwa hiyo wanaoweza kuurejesha kwa wepesi ni wale wanaojua mti mzazi ulipo: mabonde ya ndani, viunga vya makanisa ya kale, na maboma ambayo wazee wake walikataa kuukata. Nao wakiulizwa, hawatautaja kwa jina la Kilatini.