Kijana Apewapo Kazi Kubwa

Kila nafasi kubwa inapokuwa wazi, iwe ya ofisi, ya shule au ya timu ya mpira, jambo la kwanza linaloulizwa na wengi ni umri wa yule anayetajwa. Wako wasemao kwamba kijana hajakomaa, na kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Wako pia wasemao kwamba wazee wamekwisha pata zamu yao, na sasa wawapishe vijana. Kwa maoni yetu pande zote mbili zinapima kwa kipimo kisichofaa. Tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale waliopewa dhamana ya kuteua watu, habari za kocha mmoja wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mchezo ni mchezo, lakini namna ya kumchagua mtu wa kuuongoza haitofautiani sana na namna ya kumchagua mkuu wa idara.

Nchini Marekani mpira wa kikapu wa vyuo vikuu si jambo la kupitishia wakati. Kila mwaka, mwezi wa Machi, timu zaidi ya 60 hukutana katika mashindano ya mtoano ya taifa zima, na nchi nzima hukaa kuyatazama. Huko ndiko hutoka wengi wa wachezaji wa ligi ya kulipwa iitwayo NBA. Hata Mtanzania Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchukuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009. Kwa hiyo kocha wa chuo hutazamwa na watu wengi, na akifanya vizuri huanza kutakwa kwingine.

Brad Stevens alizaliwa mwaka 1976 na kukulia Zionsville, katika jimbo la Indiana. Alipomaliza masomo mwaka 1999 alipata kazi katika kampuni kubwa ya madawa mjini Indianapolis. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara wa uhakika. Mwaka 2000 aliiacha, akaenda Chuo Kikuu cha Butler katika mji huo huo kufanya kazi ya kujitolea katika ofisi ya timu ya mpira wa kikapu. Mwaka uliofuata akawa kocha msaidizi. Mwaka 2007 kocha mkuu, Todd Lickliter, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Iowa, na haukupita muda mrefu chuo kikamtangaza Stevens kuwa mrithi wake. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Yaliyofuata yanajulikana. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 30 ikafungwa 4. Mwaka 2010 chuo hicho kidogo kilifika fainali ya taifa, ikachezwa mjini mwao Indianapolis, kikafungwa na Duke kwa pointi 61 kwa 59. Mchezaji wao Gordon Hayward alirusha mpira wa mwisho kutoka katikati ya uwanja, nao ukagonga ukingo wa kikapu na kutoka. Mwaka 2011, Hayward akiwa amekwisha ondoka, walirudi tena fainali wakafungwa na Connecticut 53 kwa 41. Kwa misimu sita Stevens alishinda michezo 166 na kupoteza 49. Ndipo mwezi wa Julai 2013, akiwa na miaka 36, alipochukuliwa na Boston Celtics, timu yenye ubingwa mwingi na mashabiki wasiosahau. Wakati huo hakukuwa na kocha mdogo kuliko yeye katika ligi nzima ya kulipwa.

Sasa na tujiulize: waliomchagua walitazama nini? Hapana shaka kwamba hawakutazama ujana. Walitazama kwanza kwamba kazi aliijua tangu chini. Mtu aliyeanza kwa kuhudumu bila malipo, akapanda hadi usaidizi, akakaa katika usaidizi huo miaka sita, si mgeni wa chombo hata kama ndevu zake ni chache. Sisi watu wa visiwani tunalijua hilo vizuri. Nahodha hatafutwi kwa mvi bali kwa safari. Kijana aliyeanza utoto wake kwa kufuta maji ya ngama, akashika tanga, akajifunza pepo na mikondo, huaminika kuliko mzee aliyekuwa akisafiri kama abiria.

Pili, walitazama mwenendo wake alipokuwa akitakwa kwingine. Baada ya fainali ya 2010 ingekuwa rahisi kwake kukimbilia chuo kikubwa chenye fedha zaidi. Badala yake alitia sahihi mkataba mpya wa miaka mingi na Butler. Wazee walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Mtu anayezunguka kutoka mlango hadi mlango akijinadi, au anayetumia sifa za jana kudai cheo cha leo, yafaa aogopwe. Yule anayeendelea na kazi yake mpaka wengine wamfuate alipo, huyo amejipendekeza kwa matendo.

Lakini la tatu ndilo ambalo tungependa litiliwe mkazo zaidi, kwani halimhusu mteuliwa bali linawahusu wateuzi. Kabla ya Stevens, makocha wengine wenye sifa kubwa walitoka vyuoni kwenda ligi ya kulipwa na mambo yakawaharibikia. John Calipari alikifikisha Chuo Kikuu cha Massachusetts katika timu nne za mwisho mwaka 1996, na mwaka huo huo akachukuliwa na New Jersey Nets. Mwaka 1999 aliachishwa kazi. Rick Pitino alikipatia Kentucky ubingwa wa vyuo mwaka 1996, akaenda Boston hiyo hiyo mwaka 1997, na mwezi wa Januari 2001 akajiuzulu akiwa amefungwa mara nyingi zaidi kuliko alivyoshinda. Watu hawa hawakuwa wajinga, kwani wote wawili walirudi vyuoni na kushinda tena. Lakini kila mmoja wao alipewa kofia mbili kwa pamoja: awe kocha wa kila siku, na pia awe mwenye kauli juu ya kusajili na kuuza wachezaji. Anayefanya kazi zote mbili hana wa kumwambia kwamba amekosea.

Stevens alipewa kofia moja. Juu yake alikuwapo Danny Ainge, aliyekuwa akishughulikia usajili, naye kijana akaachiwa kazi aliyoijua, yaani kufundisha. Tena alipewa muda. Mkataba wake ulikuwa wa miaka sita, na muda huo ulihitajika, kwani timu ilikuwa ikiagana na wakongwe wake Paul Pierce na Kevin Garnett. Msimu wa kwanza alishinda michezo 25 na kufungwa 57. Kwa macho ya haraka hayo ni maafa. Hata hivyo waliomwajiri hawakutikisika. Msimu wa pili akashinda 40, wa tatu 48, wa nne 53. Mwaka 2017, 2018 na 2020 timu ilifika fainali ya kanda ya mashariki. Angefukuzwa mwaka wa kwanza, watu wangesema kwamba ujana ndio ulioharibu, na lingekuwa neno la uongo.

Watakuwapo wasomaji watakaotukumbusha kwamba mtu huyu, katika miaka yote ya ukocha wake, hakupata ubingwa wa taifa chuoni wala ubingwa wa ligi ya kulipwa. Hiyo ni kweli, na si haki kuificha. Sisi hatudai kwamba kijana akichaguliwa vizuri lazima awe bingwa. Tunachosema ni kwamba kazi iliendeshwa vyema, na mwendeshaji akazidi kukomaa. Mwaka 2021 Ainge aliondoka na Stevens akapandishwa kushika usimamizi wa timu nzima. Hata hapo hakujilimbikizia vyeo. Aliacha ukocha. Mwaka 2022 timu ilipokosa kocha ghafla, alimkabidhi kazi Joe Mazzulla, mwenye miaka 34, ambaye naye aliwahi kufundisha katika chuo kidogo cha Fairmont State na kisha kuwa kocha msaidizi Boston. Mwezi wa Juni 2024 Boston ikatwaa ubingwa wake wa 18. Aliyeaminiwa akiwa kijana alijua namna ya kumwamini kijana mwingine.

Liko neno la mwisho, nalo linatugusa sisi tunaokaa mahali padogo. Kila mtu mwema anapoitwa kwenye kazi kubwa, mahali palipomlea hupata pengo. Butler ilipoondokewa na Stevens, msimu uliofuata ilishinda michezo 14 na kufungwa 17. Visiwa vyetu vinaijua hasara ya namna hiyo, kwani tunasomesha mwalimu, daktari au fundi, na siku anapoiva huchukuliwa na penye maslahi makubwa zaidi. Dawa yake si kumfungia mlango wala kumlaumu aliyekwenda. Dawa ni ile waliyokuwa nayo Butler kwa miaka mingi, yaani kuwa na wa pili daima. Thad Matta alikuwa msaidizi kabla ya kuwa kocha mkuu, Lickliter alikuwa msaidizi wa Matta, na Stevens alikuwa msaidizi wa Lickliter. Kila aliyeondoka aliacha nyuma yake mtu anayejua funguo ziko wapi. Msimu wa 2014 na 2015 chuo hicho kilishinda tena michezo 23, kikarudi katika mashindano ya taifa.

Kwa hiyo rai yetu kwa viongozi ni hii. Jina la kijana linapoletwa mezani, lisipitishwe kwa sababu ni la kijana, wala lisitupwe kwa sababu hiyo. Aulizwe amefanya nini, wapi, kwa muda gani, na alikuwaje siku aliposhindwa. Akishapewa kazi, mipaka yake iwekwe wazi, awepo mkubwa wa kumshauri, na apewe muda wa kutosha kabla ya kuhukumiwa. Na siku hiyo hiyo anapokabidhiwa ofisi, aulizwe swali moja zaidi: ni nani anayemfundisha kazi hiyo ili aje ashike baada yake? Ofisi isiyo na jibu la swali hilo haijawa tayari, hata kama mkuu wake ana sifa za dunia nzima.