Baridi ya Juu Kabisa Wakati wa Joto

Bila shaka umewahi kutoka nje usiku stima zikiwa zimepotea, mwezi nao haupo, ukaona kwamba giza si totoro kabisa. Ukiinua mkono, unauona ukiwa mweusi mbele ya mbingu. Mimi nilidhani mwanga huo ni wa nyota tu. Kumbe sehemu yake hutoka kwa hewa yenyewe! Hapa nitauita mng'ao wa anga, na ndio ulionipotezea mandazi mawili.

Ilikuwa hivi. Mwenzangu alidai darasani ati kule Ulaya, karibu kilomita 90 juu ya ardhi, hewa huwa baridi zaidi wakati wa majira ya joto kuliko wakati wa theluji. Tulimcheka sana. Jua linawaka, mchana ni mrefu, baridi itoke wapi? Nikaweka dau la mandazi, tukaandamana hadi kwa mwalimu wetu wa Fizikia.

Mwalimu alianza na mng'ao wenyewe. Mchana, miale mikali ya jua huvunja molekuli za oksijeni kule juu zikawa atomi mojamoja. Usiku baadhi ya atomi hizo hujiunga na oksijeni nyingine kufanya ozoni. Ozoni nayo ikikutana na haidrojeni, huzaliwa haidroksili iliyojaa kawi, na kawi hiyo hutolewa kama mwanga. Tabaka hilo liko kama kilomita 87 juu, na unene wake ni kilomita 8 hivi. Mwaka wa 1950 Mmarekani Aden Meinel ndiye aliyetambua kwamba mwanga huo ni wa haidroksili. Mwingi wake ni wa infraredi, macho yetu hayauoni. Ule wa kijani, ambao wanaanga huupiga picha wakiwa angani, hutoka kwa atomi za oksijeni zilizo juu zaidi kidogo.

Sasa, joto la huko hupimwaje? Ndege haifiki, puto halifiki, na roketi hupita tu kwa dakika chache. Jibu limo katika mwanga. Molekuli za haidroksili huzunguka kama pia. Hewa ikiwa na joto, nyingi huzunguka kwa kasi. Ikipoa, nyingi huzunguka polepole. Kila mzunguko huacha mstari wake katika mwanga huo, na mtu akilinganisha ukali wa mistari hiyo anajua joto la hewa akiwa ameketi hapa chini. Mimi naona huu ni ujanja mkubwa kuliko roketi!

Huko Wuppertal, Ujerumani, kwenye latitudo ya digrii 51 kaskazini, vipimo vya aina hii vilianza mwaka wa 1980. Wakati wa baridi hewa hiyo huwa karibu digrii 60 chini ya sufuri. Mwezi wa Juni hushuka hadi karibu digrii 100 chini ya sufuri. Hapo nikaanza kuyaaga mandazi yangu.

Sababu yake ni nini? Upepo unaopanda milima na mawingu ya radi huanzisha mawimbi katika hewa. Mawimbi hayo hupanda na kukua, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, kisha huvunjika kama yale ya pwani. Yakivunjika huzuia pepo za huko, na hewa ikaanza kusafiri kutoka upande wa dunia wenye majira ya joto kwenda upande wenye baridi. Basi upande wa joto hewa hupanda, ikatanuka, ikapoa. Upande wa baridi hushuka, ikabanwa, ikapata joto. Aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli anajua jinsi inavyochemka chini karibu na mpira. Hewa inayoshuka pia huleta atomi za oksijeni, ndiyo maana kwa kawaida mng'ao wa haidroksili huzidi wakati wa baridi. Huku kwetu karibu na ikweta tofauti kubwa namna hiyo haipo.

Nikauliza, kwa nini watu wapime jambo hili miaka nenda miaka rudi? Mwalimu akasema gesi ya kaboni dayoksaidi, inayotuongezea joto huku chini, kule juu hupoza, kwa sababu katika hewa nyepesi hutupa joto nje angani. Mtu hawezi kuona upoaji huo wa polepole kama hajui kwanza jinsi majira yanavyopandisha na kushusha joto kila mwaka.

Bado nilibisha kidogo. Akanieleza habari za mawingu ya barafu yanayong'aa usiku, kilomita 80 na zaidi juu, ambayo watu wa Ulaya waliyaandika tangu 1885. Huonekana majira ya joto tu, maana ndipo baridi ya kugandisha mvuke kidogo wa huko inapotosha.

Mandazi nililipa kesho yake wakati wa mapumziko. Mwenzangu aliyala yote mawili mbele yangu, hata kunimegea hakunimegea.