ELIMU YA MFANYAKAZI: KWA NINI SIMU INAKUONYESHA TANGAZO LA ZAMANI



Tuseme wenzetu wawili wanakaa ua mmoja kule Kinanira na wanafanya kazi kiwanda kimoja. Tarehe 19 kila mmoja anafungua ukurasa wa kiwanda katika simu yake ili ajue mwisho wa kupeleka karatasi za saa za ziada. Mmoja anasoma tarehe 25. Wa pili anasoma tarehe 20. Wanabishana mpaka usiku, kila mmoja akimwona mwenziwe mwongo. Kumbe wote wawili wanasema kweli. Lakini wa kwanza akipeleka karatasi tarehe 22, karani atamwambia amechelewa, na jasho lake limepotea.

Kosa liko wapi? Liko katika akiba ya kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti.

Fundi wa mashine haendi stoo kila anapotaka bolti. Zile anazotumia mara kwa mara huziweka karibu, katika kisanduku chake. Kivinjari hufanya vivyo hivyo. Unapofungua ukurasa mara ya kwanza, huletwa kutoka seva, ambayo ndiyo stoo kuu, na nakala hubaki ndani ya simu. Ukirudi, unapewa ile nakala. Faida yake ni kubwa: ukurasa unafunguka haraka, na mega ulizonunua haziishi upesi. Nchi yetu Burundi haina bahari, na mawasiliano yetu hupita nchi za jirani kabla ya kufikia nyaya za Bahari ya Hindi. Kupunguza safari hizo si jambo dogo.

Basi nakala inakaa muda gani? Kanuni zilizotolewa mwaka 1997 zinamruhusu mwenye ukurasa kuandika umri wa nakala kwa sekunde. Akiandika 86400, nakala inahesabiwa kuwa mpya siku nzima. Akiandika 604800, ni juma zima. Umri ukiisha, kivinjari huuliza seva: "Ukurasa huu umebadilika?" Kama haujabadilika, seva hujibu kwa namba 304, na nakala ileile huendelea kutumika. Kama umebadilika, huletwa mpya.

Taabu huanza pale mwenye ukurasa asipoandika umri wowote. Hapo kivinjari hukisia. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya muda uliopita tangu ukurasa ubadilishwe mara ya mwisho. Turudi Kinanira. Ndugu yetu wa kwanza aliufungua ukurasa tarehe 12, nao ulikuwa haujaguswa kwa siku 100. Simu ikakisia: siku 10 nakala hii ni nzuri. Tarehe 15 ofisi ikabadilisha tangazo. Tarehe 19 simu haikuuliza seva neno lolote, ikatoa nakala ya zamani. Mwenziwe alikuwa hajawahi kuufungua ukurasa huo. Kwake ukaja mpya.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kuamini tarehe au bei, uburudishe ukurasa. Katika simu, vuta ukurasa kwenda chini kwa kidole. Katika kompyuta, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Hapo kivinjari huiacha akiba na kwenda kwenye seva.

Pili, ikishindikana, ingia sehemu ya historia katika kivinjari ufute picha na mafaili yaliyohifadhiwa. Vidakuzi viache, maana ukivifuta utalazimika kuingiza tena neno lako la siri kila mahali.

Tatu, linganisha na simu ya mwenzako. Mkitofautiana, msigombane, burudisheni zote mbili.

Nne, na hili ni la wajumbe wetu: ofisi inayoweka matangazo ya kazi katika intaneti iombwe kuyapa umri mfupi, au kuagiza kivinjari kiulize seva kila mara. Iandike pia tarehe ya tangazo juu kabisa. Na karatasi ibandikwe ukutani kama zamani, kiwandani na katika mashamba ya chai vilevile. Si haki mfanyakazi apoteze malipo yake kwa sababu ya nakala asiyojua kuwa ipo.

Ndugu, chombo tusichokijua hututawala. Tukijue, kitutumikie.