Printa Inataka Barua

Katibu muhtasi wa shule yetu alitafuta barua kwa robo saa nzima. Printa ya leza ilikuwa imegoma, taa ya njano inawaka na kuzima, na kwenye kidirisha chake pameandikwa "Load Letter". "Mwalimu, inataka barua," aliniambia. Akafungua kabati, akatoa karatasi zenye nembo ya shule, zile za kuandikia wakubwa, akazipanga kwenye trei. Printa ikabaki vilevile.

Kosa lilikuwa langu. Mtihani wa hisabati wa darasa la saba nilikuwa nimeuandaa nyumbani usiku, kwenye kompyuta yangu ya mtumba, nikaubeba kwa flashi. Kompyuta ile ilikuja na mipangilio ya Marekani, na Wamarekani hawatumii A4. Karatasi yao ya kawaida ndiyo inaitwa Letter: milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297. Faili langu lilikuwa linaagiza karatasi ambayo mtaani kwetu hakuna duka linaloiuza, na printa ikakaa kuisubiri.

Nikabadilisha ukubwa wa karatasi palepale ofisini, nikadhani yameisha. Ikatoka kazi nisiyoitambua. Swali la 12 lilibaki chini ya ukurasa wa tatu, pembetatu yake imehamia wa nne. Na pale nilipoandika kipeuo cha pili cha 144 kwa alama yake, pametokea kisanduku kitupu mbele ya 144. Mtoto angejibu nini?

Wengi wetu tunadhani faili linabeba herufi zenyewe. Mara nyingi halibebi. Linabeba jina la fonti tu, kama mtoto aliyetumwa dukani akatajiwa jina la kitu. Akikikosa ataleta kinachofanana nacho. Kompyuta ya ofisini haikuwa na fonti yangu, ikaweka nyingine. Herufi za fonti hiyo zilikuwa pana kidogo tu, lakini upana huo ukizidishwa kwa ukurasa mzima unatosha kusukuma mistari mpaka pembetatu ikahama. Alama isiyokuwamo kabisa kwenye fonti mbadala ndiyo inageuka kisanduku.

Siku hizi nikimaliza nyumbani nahakikisha karatasi ni A4, kisha nahifadhi faili kama PDF. Muundo huo ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa shida hiihii: ukurasa uende na fonti zake ndani, ufike ulivyoondoka. Kisha naufungua kwenye simu ya mke wangu, ambayo haina fonti zangu. Ukionekana sawa huko, nalala.

Kabla ya kuujua ujanja huo nilijifanya fundi. Nyumbani nilichagua draiva ya printa nyingine (wenzangu waliposikia neno hilo waliniuliza dereva gani; ni programu inayoiandikia printa maelekezo), nikaiambia kompyuta ichape kwenye faili badala ya karatasi, nikalipeleka faili hilo ofisini. Zikatoka kurasa kwa kurasa za maandishi ya ajabu, ya kwanza ikianza na "%!PS". Printa ya leza hupewa maelekezo: chora herufi hii hapa, mstari ule pale. Maelekezo hayo yana lugha zake, na PostScript, iliyotoka Adobe mwaka 1984, ni mojawapo. Printa isiyoijua inachapa maelekezo yenyewe, kama mjumbe uliyemwambia "nenda kamwambie njoo" akafika na kusema "nenda kamwambie njoo". Nilichomoa waya wa umeme robo rimu ikiwa imeshapotea.

Ukurasa ukitoka nusu tu, hasa wenye picha, shuku kumbukumbu ya printa, hasa kama ni ya zamani. Printa ya wino inaweza kwenda mstari kwa mstari na kupumzika katikati. Ya leza haipumziki: karatasi ikishaanza kupita lazima ifike mwisho, kwa hiyo kwa kawaida huupanga ukurasa wote kwanza. A4 moja, kwa nukta 600 kila inchi, ni nukta karibu milioni 35. Punguza picha, au chapa ukurasa mmoja mmoja.

Na kabla ya kumwita fundi, achana kwanza na kompyuta. Toa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vya printa yenyewe. Ukitoka safi, printa ni nzima. Ugonjwa uko kwenye faili, kwenye draiva au kwenye waya. Ukitoka na michirizi, hapo ndipo uzungumzie tona.

Zile karatasi za nembo tulizisahau kwenye trei. Mtihani ukatoka juu yake, kurasa 11, na mwalimu mkuu bado anauliza nani aliandikiwa barua yenye maswali ya pembetatu.