Sakafu, Kimo na Mruko: Uchambuzi wa Usanifu wa Gari la Mbio Mercedes W13

Gari la Mercedes W13, lililoundwa kwa ajili ya msimu wa Formula 1 wa mwaka 2022, limejadiliwa zaidi kwa umbo la mbavu zake. Katika majaribio ya Bahrain ya Machi mwaka huo, vifuniko vya ubavuni vinavyohifadhi rejeta vilionekana vimebanwa hadi karibu kutoweka, na wachambuzi wengi wakauhusisha udhaifu wote wa gari na ubunifu huo. Makala haya yanashikilia kuwa chanzo kikuu kilikuwa chini zaidi, katika uhusiano baina ya sakafu ya gari na kimo chake kutoka kwenye lami.

Kanuni za 2022 zilirejesha sakafu zenye mikondo ya hewa, baada ya sakafu bapa kulazimishwa tangu 1983. Hewa ipitayo katika mkondo mwembamba huongeza mwendo na kanieneo yake hupungua, hivyo gari huvutwa chini. Kadiri sakafu inavyoikaribia lami ndivyo kani kandamizi inavyoongezeka, lakini uhusiano huo una kikomo. Kimo kikipungua kupita kiasi, mtiririko huzibika, kani huporomoka ghafla, springi huliinua gari, mtiririko hurejea, na gari huvutwa tena. Hali hiyo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde. Wahandisi waliipa jina linalotokana na pomboo, na aliyewahi kumwona akiibuka na kuzama mbele ya jahazi hahitaji maelezo zaidi.

W13 ilisanifiwa ifanye kazi karibu sana na lami. Kanuni, hata hivyo, haziruhusu kielelezo cha handaki la upepo kuzidi asilimia 60 ya ukubwa halisi, wala upepo kuzidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, ilhali magari haya huvuka kilomita 300. Mruko ulijitokeza pale ambapo kipimo hakikufika. Gari lilipoinuliwa ili litulie, lilipoteza kani ileile iliyokusudiwa.

Gharama haikuwa ya sekunde pekee. Baada ya mashindano ya Baku, Juni 2022, Lewis Hamilton alishuka garini kwa taabu akishika mgongo. FIA iliweka kikomo cha mitikisiko ya wima kuanzia mashindano ya Ubelgiji, na kingo za sakafu zikainuliwa milimita 15 kwa msimu wa 2023. Baadhi ya timu pinzani zililalamika, ingawa suala lilikuwa la afya kabla ya kuwa la ushindani.

Hoja ya mbavu haikosi uzito: mbavu nyembamba ziliacha eneo kubwa la sakafu bila kushikiliwa, na sakafu inayopinda huchochea mruko. Lakini Ferrari ya mwaka huo, yenye mbavu pana, ilirukaruka pia, na ilishinda mashindano manne. Mercedes yenyewe iliipa W14 mbavu pana huko Monaco, Mei 2023, na haikushinda hata shindano moja msimu huo. W13 ilikuwa imeshinda moja, São Paulo, Novemba 2022.