Nyuso za Watoto na Ugonjwa wa Vikope

Mwezi huu twataka kusema na baba na mama, na walimu pia, juu ya jambo lionekanalo dogo: uso wa mtoto usionawishwa.

Katika nchi yetu kavu ya Singida, kama kwa jirani zetu wa Dodoma, umejulikana tangu miaka mingi ugonjwa wa macho uitwao vikope, ambao waganga huuita trakoma. Wengi wadhani ya kuwa upofu wa wazee waja na uzee tu, au ya kuwa umeletwa na mtu mwenye kijicho. Sivyo. Mara nyingi upofu wa vikope ulianza mtu alipokuwa mtoto mdogo, akikaa mlangoni na tongo machoni na makamasi puani, nzi wakimtambaa usoni, wala hakuna aliyeshtuka.

Vijidudu vya ugonjwa hukaa katika tongo na makamasi. Nzi hutua juu ya uso wa mtoto huyu, kisha hutua juu ya uso wa yule. Vidole vya watoto wachezao pamoja huvichukua, na nguo za kulalia, na hata upindo wa kanga ambao mama amfutia mtoto, kisha amfutia ndugu yake, kisha ajifutia mwenyewe. Mtoto akiambukizwa mara moja, aweza kupona. Lakini akiambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, kope hupata makovu upande wa ndani. Makovu hayo huvuta, hata nywele za kope zikageukia ndani na kulikwaruza jicho kila apepesapo. Wengine huzing'oa kwa kibano, nazo huota tena. Mwisho kioo cha jicho huwa cheupe, na mtu haoni. Tena upofu huu huwapata wanawake kuliko wanaume, maana wao ndio wakaao na watoto. Basi mama amnawishaye mtoto wake ajilinda na yeye mwenyewe.

Watu husema, "Maji yako mbali." Ni kweli. Mvua zetu ni za majira moja tu, na maziwa ya Singidani na Kindai, ingawa yako karibu na mji, maji yake ni ya chumvi. Mama aliyetembea mwendo mrefu na ndoo kichwani hufikiri kwanza chakula na kunywa, wala hatumlaumu. Ila uso wa mtoto hautaki ndoo nzima. Wataka viganja vichache tu.

Jambo hili lilijaribiwa Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, nchi kavu kama yetu. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho. Kisha katika vitatu watu walifundishwa, jirani kwa jirani, kunawisha watoto nyuso. Habari zake zilitangazwa mwaka 1995: katika vijiji vile vitatu nyuso safi ziliongezeka, na trakoma kali ilikuwa chache kuliko katika vijiji vingine. Tangu mwaka 1999 Tanzania ilipokea pia msaada wa dawa ya azithromaisini, ikagawiwa watu vijijini. Dawa hiyo huviua vijidudu, lakini uso mchafu huvikaribisha tena.

Basi yafaa kufanya haya:

Kwanza, mnawishe mtoto uso asubuhi na jioni, na kila tongo lionekanapo. Sabuni ikikosekana, maji matupu yafaa.

Pili, kila mtoto awe na kitambaa chake. Asipokuwa nacho, uso ukauke kwa upepo.

Tatu, tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo, yaani dumu dogo lililotobolewa, lililotundikwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu. Hapo mtoto anawe mikono kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kula, maana mikono michafu huleta na kuhara.

Nne, chimbeni choo. Nzi wapendao macho huzaliana katika mavi ya watu yaliyoachwa wazi. Hata kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni.

Wako wanaume wasemao ya kuwa kunawisha watoto ni kazi ya mama. Lakini ni nani mwenye punda au baiskeli ya kuletea maji? Na ni nani mwenye nguvu ya kuchimba choo? Baba asiyefanya haya asiseme ya kuwa awapenda watoto wake.

Nanyi walimu, tazameni nyuso za watoto kila asubuhi. Msimwaibishe mtoto mbele ya wenzake, bali mnawisheni, kisha semeni na wazazi kwa upole. Na mkimwona bibi ambaye kope zake zimegeuka, mpelekeni hospitali bila kukawia. Upasuaji wake ni mdogo, nao hurudisha kope mahali pake. Lakini mboni ikiisha kuharibika, haitengenezeki kwa upasuaji huo.

Bwana wetu alipomponya mtu aliyezaliwa kipofu, alimtuma kwenda kunawa katika birika la Siloamu. Nasi tusidharau maji machache tuliyopewa. Jioni hii, kabla ya sala ya nyumbani, kila nyumba na inawishe watoto wake.