Edward Bannister: Mchoraji mweusi aliyewaduwaza majaji

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Je, msomaji, na chanda hicho kikiwa cheusi katika nchi ya wenye ubaguzi?

Swali hilo lilimkabili Edward Mitchell Bannister mwaka wa 1876, huko Philadelphia, Marekani. Mchoro wake wa mandhari, “Under the Oaks”, ulikuwa umeshinda medali katika maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa nchi hiyo. Alipokwenda kuulizia matokeo, alipokelewa kwa dharau. Aliposema kuwa mchoraji ni yeye, maofisa walipigwa na butwaa! Inasimuliwa kwamba majaji walitaka kubadili uamuzi, lakini wachoraji weupe waliokuwa wakishindana naye wakamtetea. Akapewa medali yake.

Bannister alizaliwa Kanada mwaka wa 1828. Akiwa Boston aliwahi kuwa kinyozi, na mwaka wa 1857 akamwoa Christiana Carteaux, mwanamke aliyemiliki maduka ya kutengeneza nywele. Pato la mama huyo ndilo lililomwezesha mumewe kuchora malisho, ng'ombe na mawingu.

Alifariki mwaka wa 1901. Mchoro ulioshinda haujulikani ulipo hadi leo.

Basi mzazi, ukimkuta mwanao akichora ng'ombe pembeni mwa daftari, usikimbilie kiboko. Mtazame kwanza. Huenda anachohitaji ni Christiana wake.